Mtunza Vifaa

Fulana ilimkwama mabegani. Shoka aliivuta kulia, akaivuta kushoto, akabaki amesimama katikati ya chumba mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki, kitambaa kimemfunika uso, anapumua harufu ya sabuni. Fulana ilikuwa yake. Misimu mitatu ameivaa kila siku ya mechi, ya buluu, mgongoni imeandikwa KOCHA kwa herufi nyeupe zilizoanza kumenyeka. Leo ilikataa kumtambua.

"Mama," aliita kutoka humo ndani. "Nani kaifua hii kwa maji ya moto?"

Mkewe alikuwa sebuleni akikunja jezi. Yeye ndiye aliyezifua jezi za klabu, kumi na nane kila wiki, na kwa hiyo nyumba nzima ilinuka timu. Hakuja haraka. Alipofika alisimama mlangoni, sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni, akamtazama mumewe anavyogombana na fulana, wala hakunyoosha mkono.

"Haikufuliwa kwa maji ya moto. Nimeipunguza."

"Umempunguzia nani?"

"Huyo anayetakiwa kuivaa."

Shoka alijinasua, akaitupa kitandani. Mishono mipya ilipita ubavuni pande zote mbili, midogo, iliyonyooka, mishono ya mtu asiyekuwa na haraka. Goti lake la kulia lilimchoma, kama lilivyozoea kumchoma kila alipokasirika kabla ya chai.

Ikamlazimu mkewe aseme. Katibu wa klabu alileta barua Alhamisi. Ligi ilikuwa imechoka na benchi zenye watu wanne wanaopiga kelele kwa pamoja. Kuanzia mechi za mwisho wa msimu, aliyeandikwa kocha kwenye fomu ndiye atakayevaa fulana ya kocha, ndiye atakayesimama, na ndiye peke yake atakayetoa maelekezo. Waliobaki wote makalio kwenye benchi. Barua ilikuwa chini ya kopo la sukari.

"Siku tatu," alisema Shoka. "Siku tatu mnakula na mimi meza moja, na mnajua."

"Tulitaka siku tatu za kula kwa amani," alisema mkewe. "Tumepata mbili na nusu. Tunashukuru."

Binti yao alitokea nyuma ya mama yake, tayari amevaa suruali ya mazoezi na daftari kwapani. Wachezaji walimwita Karani kwa sababu ya daftari hilo, na lilipotoka midomoni mwao lilikuwa jina la utani la kumpenda mtu. Shoka alilichukua akaja nalo nyumbani, na humu ndani upendo wake ulibaki nje ya mlango.

"Karani," alisema. "Kwa hiyo leo wewe ndiye kocha."

"Mimi ni kocha tangu msimu wa juzi, baba. Ulisaini wewe mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulioudhi. Shoka alikwenda kwenye kozi ya ukocha mara moja. Siku ya pili mwalimu, kijana mwembamba ambaye hakuwahi kucheza hata mechi ya mtaa, alimpa karatasi na kalamu akamwambia achore alivyofunga lile bao lake maarufu: mishale ya mpira, duara za wachezaji. Shoka akamjibu kwamba bao halichorwi, bao linafungwa. Akatoka, akarudi nyumbani na kalamu ya watu mfukoni. Mwaka uliofuata binti alikwenda kwa mwalimu yuleyule, akachora kila alichoambiwa achore, akarudi na cheti. Klabu ilimtaka Shoka kwa sababu jina lake lilijaza uwanja. Ligi ilitaka cheti. Vyote viwili vilikuwa chini ya paa moja, na paa lenyewe lilikuwa la klabu, vyumba vitatu nyuma ya goli la kaskazini. Mwenyekiti aliyatazama hayo akatabasamu. Binti akaandikwa kocha mkuu. Baba hakuweza kuandikwa hata msaidizi, maana siku hizi na msaidizi anadaiwa cheti. Nafasi moja tu ya benchi haikudai karatasi yoyote.

"Mtunza vifaa," mwenyekiti alisema. "Ni wino tu, Shoka. Nani asiyejua wewe ni nani?"

Na kweli, misimu mitatu ilikuwa wino tu. Binti alikaa, akasaini, akanyamaza. Shoka alisimama, akafoka, akatupa chupa. Waamuzi waliangalia pembeni kwa sababu ni Shoka.

Leo ilikuwa mechi ya mwisho. Sare ingewabakiza kwenye daraja. Wakifungwa wanashuka, na mwenyekiti alikwisha kumwambia mama wa nyumba pale kwenye geti, akiwa na beseni mkononi: timu ikishuka, nyumba atapewa kocha mpya. Hakumwambia Shoka. Watu walikuwa na tabia hiyo, ya kumwambia mkewe.

Walikunywa chai wakiwa wamesimama. Shoka alitoa taulo akaanza kupanga. Taulo bega la kushoto, winga wapande. Taulo kichwani, warudi nyuma. Taulo shingoni, badilisha, na vidole vitaonyesha nani anatoka. Binti aliangalia taulo lile kama mtu anayeangalia kitu kilicholetwa na paka.

"Na mimi nikiona tofauti?"

"Hukuajiriwa kuona. Leo wewe ni mdomo wangu."

"Mnara mguu unamvuta," alisema binti. Mnara alikuwa mshambuliaji wao, jezi namba tisa, mrefu kuliko mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. "Msuli wa nyuma ya paja. Kaniambia mwenyewe jana. Dakika ya sitini atakuwa amekwisha."

"Mnara hatoki."

"Baba."

"Nimesema hatoki. Namba tisa wangu hatoki. Afe humo humo."

Mama aligeuza uso dirishani. Yeye alikuwepo uwanjani siku ile, miaka kumi na tisa nyuma, mumewe akiwa ndiye mshambuliaji, kibao kilipoinuliwa dakika ya hamsini na nane na namba tisa ikawaka kwa rangi nyekundu, uwanja mzima umejaa, hajaumia, hajakosea, amezeeka tu. Alimwona mumewe akitembea kutoka, akimpita kocha bila kumpa mkono, akivua viatu kwenye kona ya uwanja na kuondoka peku mpaka nyumbani. Hakucheza tena. Na tangu awe kocha hajawahi kumtoa mshambuliaji wa kati, mechi themanini na kitu, awe mgonjwa, awe mchovu, awe analia. Makocha wengine wa ligi walilijua hilo. Walimsubiri tu mpaka dakika ya sabini, namba tisa wa Shoka akiwa amekuwa nguzo, ndipo wakafungua milango.

*

Kamisaa wa mchezo aliingia chumba cha kubadilishia nguo na fomu yake kwenye ubao wa kushikia. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye miwani ya kusomea. Zamani alikuwa beki wa kati. Zamani hiyohiyo Shoka alimpitishia mpira katikati ya miguu mbele ya goli, na yeye akakaa chini, kitako, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja matembezi. Mpiga picha aliwahi. Picha ile ilikaa kwenye kuta za vinyozi miaka mingi, na kila aliyekwenda kunyoa alimwona pale chini ameketi.

Alisoma majina ya wachezaji, kila mmoja akaitika. Akasoma benchi.

"Kocha mkuu."

"Nipo," alisema binti. Fulana ilimkaa vizuri ubavuni. Mikono tu ndiyo iliyomzidi, ikamfika viwiko.

"Daktari. Meneja." Wakaitika. Kamisaa akasogeza miwani. "Mtunza vifaa."

Shoka aliinua kidole, kama alivyofanya siku zote.

"Sijasikia."

Wachezaji waliziona kamba za viatu vyao kuwa kitu cha kusoma. Shoka alikuwa amekaa juu ya begi la mipira, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Kidole umekiona," alisema.

"Fomu haina macho. Inataka sauti." Kamisaa hakuwa na hasira yoyote, na hapo ndipo palipouma. "Mtunza vifaa."

"Nipo."

"Ahsante." Akaweka alama, taratibu, akiizungusha kalamu mara mbili. Kisha akatoa kizibao cha kijani kwenye mfuko wake akamrushia, kile cha watu wa benchi wasiotakiwa kusimama. "Ukae nacho. Leo mtu akiinuka asiyehusika, namwondoa. Na kukaa kusikusumbue, najua unapenda kuona watu wamekaa chini."

Hakucheka mtu. Lakini Mnara alikohoa, na Shoka alikiandika kikohozi kile moyoni pamoja na mengine.

*

Walifungwa dakika ya thelathini na moja. Mpira mrefu, kipa akatoka, akajuta akiwa katikati ya njia. Bao rahisi, la kudharaulika. Upande wa jukwaa la mabati watu walianza kumtukana kocha mpaka mmoja akauliza kwa sauti watukane yupi, yule wa kiume au yule wa kike, na kicheko kikatembea ukuta mzima.

Shoka alikaa. Taulo lilipanda bega la kushoto, likashuka, likaenda kichwani, likarudi. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, ambaye wimbo wa jina lake uliwahi kutikisa uwanja wa taifa, alikuwa akijitanda taulo kama mtu anayetoka kuoga. Binti alisimama kwenye mstari wa chaki, mgongo kwake. Hakugeuka hata mara moja. Herufi zile tano nyeupe zilimkodolea macho Shoka dakika arobaini na tano.

Mapumziko yalikuwa fujo. Binti alifungua daftari akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba mabeki wa pembeni wa wenzao ni wazito kugeuka, mpira upelekwe nyuma yao. Shoka akamkatiza kutoka kwenye begi la mipira: mpira upelekwe kichwani kwa Mnara, hadithi iishe. Wachezaji walimwangalia mmoja, wakamwangalia mwingine, kama watoto wa nyumba yenye ugomvi. Kiungo mmoja mwenye umri mkubwa akauliza, kwa heshima zote, wamsikilize nani. Kengele ya kurudi uwanjani ikalia kabla ya jibu.

Dakika ya sitini na mbili Mnara aliruka kuupiga mpira wa kichwa, akatua mguu mmoja, akashika paja. Hakuanguka. Alitembea. Aliangalia benchi, lakini hakumtazama Shoka, alimtazama binti.

Binti alimwita Cheche. Cheche alikuwa winga mfupi, mwenye mbio za panya wa stoo, asiyependwa na Shoka kwa sababu hajawahi kufunga kwa kichwa. Kijana akaanza kuvua nguo za mazoezi. Shoka aliona. Alinyakua karatasi ya kubadilishia wachezaji kutoka kwenye ubao wa meneja, akaandika mwenyewe: aingie Cheche, atoke namba sita. Akainuka. Goti lilimwambia akae, hakulisikiliza. Alitembea mpaka kwenye meza ya mwamuzi wa akiba, kijana mwenye nywele zilizochongwa, akaiweka karatasi mbele yake.

Kijana aliisoma. "Haina sahihi ya kocha."

"Nimeileta mimi."

"Naona, mzee. Lakini haina sahihi ya kocha."

"Mimi ndiye kocha." Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina lake benki. "Kijana, wewe umezaliwa mwaka gani? Muulize baba yako. Mimi ndiye kocha wa timu hii."

Mwamuzi wa akiba alishuka na kidole kwenye fomu, mstari baada ya mstari, mpaka chini kabisa. "Hapa umeandikwa mtunza vifaa," alisema, bila ubaya, na kwa sauti iliyowafikia wale wa mabati. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mtu akapaza sauti kuomba aletewe soksi.

Akiwa bado amesimama pale, mkono wenye fulana inayozidi ulipita pembeni yake ukaweka karatasi nyingine mezani. Ilikuwa na sahihi. Kijana aliinua kibao. Kijani, kumi na saba. Nyekundu, tisa.

Shoka aliiona ile tisa. Kwa muda hakujua ni mwaka gani. Kisha alikuwa anatembea, ameshavuka mstari wa chaki, yuko ndani ya uwanja wenyewe, mkono mbele, anamwambia Mnara arudi, asitoke, hakuna wa kumtoa namba tisa, arudi. Mnara alisimama katikati, mguu mmoja umegusa chini kwa ncha tu, uso umejaa maji ya jasho na ya kitu kingine. Mwamuzi alipuliza filimbi. Kamisaa kule juu kwenye kiti chake alivua miwani.

Binti alimfikia baba yake. Hakumshika. Alisimama mbele yake karibu kiasi kwamba Shoka aliweza kuona mshono wa mkewe ubavuni.

"Mtunza vifaa," alisema. "Kaa chini."

Hakusema baba. Angesema baba, Shoka angejua la kumjibu. Kwa neno hilo alikuwa na majibu ya miaka ishirini na sita. Kwa hili hakuwa na jibu hata moja. Kadi nyekundu ilipofika usoni kwake aliiangalia kama kitu cha mtu mwingine.

*

Nje ya uzio, upande wa jukwaa la mabati, alikuta mtu ameegemea nguzo na rundo la funguo kiunoni. Ni mtunza vifaa wa kweli, mzee mkavu aliyeangalia mechi kutoka hapo misimu mitatu, maana nafasi yake kwenye fomu ilikuwa na mtu. Mzee alisogea akampa nusu ya nguzo.

"Karibu kazini, mwenzangu," alisema. "Jua hapa linapiga mpaka dakika ya themanini, ndipo linazama nyuma ya tangi la maji."

Mzee aliendelea kusema, kwa mtu yeyote anayesikia, kwamba jezi namba nne inahitaji kushonwa kwapa, kwamba pampu ya mipira inavuja, kwamba watu wanadhani vifaa vinajitunza.

Cheche alikimbia. Alikimbia nyuma ya wale mabeki wazito, akarudi, akakimbia tena. Hakufanya jambo lolote la kuimbiwa. Aliwachosha tu, kama nzi. Dakika ya themanini na nne alipata kona, kona ikapigwa vibaya, chini chini, ikagonga ugoko wa beki wa wenzao, ikamgonga kipa wao kifuani, ikaingia wavuni kwa aibu zake zote. Sare, bao moja kwa moja. Bao lisilo na mwenyewe. Shoka, aliyefunga mabao mia na arobaini yenye mwenyewe, alisikia mabati yakipigwa mateke juu yake na mzee wa funguo akimkumbatia kiunoni. Yeye hakumkumbatia. Aliangalia benchi. Mnara alikuwa amekaa, barafu chini ya paja, taulo lake yeye Shoka limemfunika mabega, anacheka.

*

Chumba cha kamisaa kilikuwa stoo ya zamani ya chokaa. Meza moja, viti viwili, dirisha dogo. Kamisaa alikaa; waliobaki walisimama: mwamuzi wa akiba, mwenyekiti wa klabu mgongo ukutani, binti na daftari lake, na Shoka bado amevaa kizibao cha kijani.

Kamisaa alisoma ripoti ya mwamuzi wa akiba kwa sauti. Saa fulani, dakika fulani, mtu aliyeandikwa mtunza vifaa alifika mezani akiwa na karatasi, akasema, nanukuu, mimi ndiye kocha wa timu hii. Alirudia mara mbili. Kamisaa aliweka ripoti chini, akailaza sawasawa na ukingo wa meza.

"Kadi nyekundu haina shida," alisema. "Mtunza vifaa akiingia uwanjani, mechi sita nje, nasaini, naenda kula. Shida ni hili neno. Kama huyu bwana ndiye kocha, basi fomu ni ya uongo. Na kama ya leo ni ya uongo, ni za misimu mitatu. Pointi ya leo inaondoka. Cheti cha huyu dada kinaondoka, maana amekuwa akisaini kazi isiyokuwa yake. Mengine mwenyekiti anayajua."

Mwenyekiti alianza kusema kwamba mzee alikuwa na hasira, kwamba kila mtu anajua, kwamba jua lilikuwa kali. Kamisaa alimnyamazisha kwa kuinua kalamu.

"Sikuulizi wewe. Wala simuulizi dada, yeye ameshasaini mengi." Akageuka. Aliitafuta sura ya Shoka akaishika, kama alivyokuwa ameingoja miaka yote ya vinyozi. "Nakuuliza wewe mwenyewe, mbele ya hawa. Wewe ni nani katika timu hii? Kocha, nitaandika kocha. Sema tu."

Nje watu walikuwa bado wanaimba. Walikuwa wanaimba wimbo wa zamani, wimbo wake, lakini maneno wameyabadilisha. Mahali pa jina lake walikuwa wametia Karani, na silabi hazikutosha, wakawa wanaivuta ile ya mwisho ili iingie. Shoka alisikiliza. Alijua kwamba kamisaa amemfungulia goli. Kipa hayupo, beki hayupo, mpira uko mguuni. Neno moja. Lingekuwa la kweli, lingekuwa lake, na lingemrudishia uso wake kwa muda wa kutoka mlangoni. Alitazama mkono wa binti yake ulioshika daftari. Vidole vilikuwa vimelikunja jalada. Binti hakumtazama, hakuomba, hakukohoa. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba atalisema.

Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote ya siku ile.

"Mtunza vifaa," alisema Shoka.

"Sijasikia."

"Umesikia." Akakivua kizibao, akakikunja mara mbili, mara nne, akakiweka mezani juu ya ripoti. "Mimi ni mtunza vifaa wa timu hii. Andika. Na hicho kizibao kina tundu kwapani, mkishone, mnatutia aibu."

Kamisaa akaandika. Hakuonekana mwenye furaha. Alionekana kama mtu aliyefikisha mkono kwenye sahani akakuta imeondolewa.

*

Mama alikuwa uani na mabeseni matatu. Habari zilimfika kabla yao, na hakuwauliza lolote. Alisema tu kwamba geti lifungwe kwa sababu watu wanachungulia. Shoka alileta begi la jezi begani, akalimwaga kwenye majani. Hakuwahi kulibeba kabla ya siku hiyo. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na aliona ni uonevu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Binti alipita katikati yao, akaingia ndani, akatoka na fulana ya buluu mkononi. Alimwambia mama yake, kana kwamba baba hayupo, kwamba mwenyekiti amesema mkataba mpya utakuwa kwa jina la aliyeandikwa kocha kwenye fomu. Kisha akageuka nusu.

"Usidhani nakushukuru," alisema. "Ulisema tu yaliyoandikwa kwenye fomu, na fomu uliitaka mwenyewe. Jumatatu mazoezi saa mbili asubuhi. Mipira sita imelegea. Nikifika iwe imejazwa upepo."

"Pampu inavuja," alisema Shoka.

"Basi jaza kwa mdomo."

Mama alicheka puani, akajifanya anapenga kamasi. Akaichukua fulana kutoka kwa binti, akaigeuza ndani nje, akaangalia mishono yake. Akamwangalia mumewe. Nyuzi zilikuwa bado mbichi. Kuifungua kusingechukua hata robo saa.

"Niifungue?" aliuliza. "Au niiache?"

Shoka alikuwa ameinama, anaziokota jezi moja moja, anazitenga zenye matope na zisizo na matope. Alipofika kwenye namba tisa aliishika zaidi kidogo, kisha akaitupa kwenye beseni la matope pamoja na nyingine.

"Mikono," alisema.

"Mikono imefanya nini?"

"Inamzidi. Umepunguza ubavu ukasahau mikono. Kasimama pale mbele ya watu anaelekeza, kitambaa kinampepea viwikoni kama bendera. Mtu hawezi kumsikiliza kocha anayepepea."

Mama alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni. Binti alibaki amesimama pale, amenuna. Kisha akanyoosha mkono mmoja mbele apimwe, uso ameugeuzia ukutani.